Umeme Umefika, Chumba cha Pili Kimesahauliwa

Sijui kama kuna sentensi inayopigiwa makofi katika mikutano ya hadhara vijijini kuliko hii: umeme umefika. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, tumejizoeza kuhesabu maendeleo kwa nguzo. Sina ugomvi na nguzo. Ugomvi wangu ni juu ya kinachotendeka baada ya mita ya LUKU, ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi anayekata utepe.

Nilikuwa Mwamapalala, wilayani Itilima, kwa mjomba wangu. Baada ya kuuza pamba alikuwa ameongeza vyumba viwili ubavuni mwa nyumba ya zamani: kimoja cha kijana wake anayetaka kuoa, kingine cha kunyolea nywele. Fundi alikwisha kumaliza kazi asubuhi moja tu. Aliunganisha waya kwenye soketi ya sebuleni, akaupitisha juu ya kenchi, na vyumba vyote viwili vikaning'inia hapo. Waya wenyewe ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, yaani wa taa. Nilipomuuliza waya wa ethi uko wapi, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, huku wote tunafunga hivi, na taa zinawaka."

Zinawaka, naam. Lakini tufanye hesabu ya darasani. Pasi ya wati 1,200, birika la umeme la wati 2,000 na jiko la koili moja la wati 1,500 ni wati 4,700. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea zaidi ya 20, katika waya ambao ukiwa ndani ya bomba haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampea 15 hivi. Sakiti breka itajizima. Na dawa iliyozoeleka ni ipi? Kuweka breka kubwa zaidi! Breka ipo ili kuulinda waya; ikiuzidi uwezo, waya ndio unaogeuka fyuzi, nao umelazwa juu ya mbao kavu. Kuhusu ethi, udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi, na ukikauka haupitishi umeme vizuri. Nondo fupi iliyopigwa juujuu ni pambo tu.

Najua jibu la ofisini: wakamatwe vishoka. Ni jibu jepesi, nami nalikataa. Unapoomba umeme kwa mara ya kwanza, unatakiwa uwe na kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Siku unapoongeza chumba, nani anakuuliza? Serikali ilishusha gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini hadi shilingi 27,000, jambo jema kabisa, lakini nyaya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba peke yake. Serikali hiyohiyo ilitambua kwamba wengi hawaumudu mzigo huo, ikaleta kifaa cha UMETA kwa nyumba ndogo zisizo na nyaya. Basi ilikwisha kukiri tatizo la chumba cha kwanza. Kwa nini ijifanye haijui kwamba Msukuma akioza mwana huongeza cha pili?

Ninachodai si kikubwa. Awepo mkaguzi katika ngazi ya kata ambaye mtu anaweza kumwita bila kusafiri hadi Bariadi. Vijana waliosomea umeme VETA wasaidiwe kupata leseni badala ya kutukanwa. Na ruzuku iguse waya, si nguzo pekee.

Mjomba alinisikiliza, kisha akasema: "Mpwa wangu, nguzo zilikuja na magari matano. Huyo mkaguzi wako anakuja na nini?" Sikuwa na jibu. Tena sikuwa na haki ya kujitia mwalimu, kwani nilichangia bati na saruji bila kuuliza habari ya waya, wakati ambapo mabomba yangepita ukutani kabla ya plasta kwa gharama ndogo tu.

Tuliuchomoa ule waya jioni ileile. Sasa ukuta mpya umechimbwa mfereji kuanzia meni swichi: njia moja ya soketi kwa waya wa milimita 2.5, nyingine ya taa, kila moja na breka yake na waya wa ethi. Fedha ziliishia kwenye mabomba. Nyaya zinasubiri msimu ujao wa pamba, na kijana ananyolea watu nje, chini ya mti.