Mbio za Sakafuni

Vijana wenzangu wa maskani, leo tugombane kidogo. Hapa Darajani kijana akijua kurusha mpira wa kikapu, au akiwapita wenzake mbio, utasikia: "Wewe wa Marekani wewe, skuli ya nini?" Basi daftari linatupwa. Punde anazuka wakala, miwani myeusi, simu mbili mkononi, anataka pasipoti na pesa "za fomu". Mama anauza bangili zake. Wakala haonekani tena.

Mimi ni mwandishi chipukizi, kutunga uongo ndiyo kazi ninayojifunza. Lakini uongo mtamu kama huo, wallahi, sijauweza!

Hebu tuwatazame waliofika kweli. Suleiman Nyambui alikimbia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alikaa kwanza kwenye dawati la sekondari Houston, ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wote wawili walipitia darasani.

Na ndiyo sheria yenyewe. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa anayetaka kucheza daraja la kwanza: Kiingereza, hesabu, sayansi na kadhalika. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Sasa wewe uliyeacha skuli Kidato cha Pili, kocha akufanyie nini, akuombee dua?

Mtasema: maskini afanye nini, naye wakala ndiye mwenye njia? Njia gani bwana! Anwani za makocha zimo kwenye kurasa za vyuo vyenyewe. Simu hiyo hiyo unayotazamia mpira usiku kucha inaweza kupeleka barua, muda wako wa mbio, picha za video na matokeo yako ya mtihani.

Nanyi walimu mnaomtoa mtoto darasani wiki nzima akashindanie kikombe, akirudi nani anamfundisha yaliyompita? Kikombe kinabaki ofisini kwenu, sifuri inabaki kwenye cheti chake.

Miguu tunayo. Tusiikimbize sakafuni, ukingo upo karibu.