Dakika Tano za Mhariri

Mwezi uliopita mimi na shemeji yenu tulifunga mlango Mabibo, tukapanda boti hadi Zanzibar, tukafikia Paje. Yeye yuko likizo. Mimi nilibeba laptopu, maana kurasa za toleo hili zilikuwa bado.

Jiko tulichangia na dada mmoja wa Ukraine, naye anafanya kazi kwa mtandao. Siku ya pili akapika borschi: supu nyekundu ya bitiruti, kabichi na viazi. Krimu chachu alikosa, akamalizia na mtindi. (Upishi huu UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka Julai 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia nchi yake.)

“Karibuni mezani!”

“Nakuja, dakika tano.”

Nilipotoka, saa nzima imeshapita. Bakuli langu limefunikwa, shemeji yenu anaosha vyombo.

“Si ungebaki tu Mabibo,” akasema, wala hakugeuka.

Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Kesho yake saa saba mchana laptopu ikalala kabatini, ufunguo akakaa nao yeye. Kurasa zilichelewa siku moja, bosi akanuna. Na borschi iliyolala, kumbe, ndiyo tamu zaidi.