Njia za Mbio, Mali ya Kijiji

Yako mambo mema ambayo Mwenyezi Mungu ametupa bure, nasi kwa kuwa hatukuyanunua, twayapita bila kuyatazama. Mojawapo ni njia za miguu zinazozunguka vijiji vyetu. Kwa njia hizo akina mama huenda shambani na sokoni, watoto huenda shuleni, na Wakristo huenda Misa siku ya Dominika. Leo twataka kusema juu ya kazi nyingine ya njia hizo, nayo ni mbio. Maneno yetu yawaelekea hasa wazazi na vijana wa Kinsevere, kilometa 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi. Lakini kila kijiji chenye njia na watoto chaweza kuyasikiliza.

Tuanze mbali kidogo. Iten ni mji mdogo wa soko katika Kenya ya magharibi, ukingoni mwa bonde la Kerio, mahali palipoinuka meta 2,400 hivi juu ya bahari. Mgeni akifika hapo haoni fahari kubwa: aona maduka, mashamba ya mahindi, ng'ombe, na barabara za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka. Lakini penye mlango wa mji limesimama tao lenye maandishi ya kumwambia kwamba ameingia nyumbani kwa mabingwa. Wala maandishi hayo si majivuno matupu.

Habari hiyo ilianza katika shule ya misheni. Mabruda wa Mt. Patrick walikuwa na shule ya wavulana pale Iten, na mwaka 1976 alifika mwalimu mpya kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, afundishe jiografia. Hakuwa amesomea ualimu wa mbio. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe jinsi wanavyokimbia. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein, aliyesoma katika shule hiyo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio ndefu za Boston, na mwaka uo huo Peter Rono, mwanafunzi mwingine wa pale pale, alitwaa dhahabu ya meta 1,500 katika michezo ya Olimpiki huko Seoul. Baadaye David Rudisha, aliyelelewa katika mbio na Bruda huyo huyo, alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Katika uwanja wa shule ile imepandwa miti yenye majina ya mabingwa, ili wadogo wapitao chini ya kivuli chake wajue ya kuwa na hao walikuwa wanafunzi kama wao.

Basi twauliza: vijana hao walikimbilia wapi? Walikimbilia njia za mashambani. Iko njia ya kuelekea Moiben, ambapo wakimbiaji huenda mwendo mrefu. Iko njia ya Fluorspar, iliyopata jina lake kwa machimbo ya madini, ipandayo kutoka Kimwarer chini ya bonde mpaka Nyaru juu, kilometa 21 hivi za mlima mtupu. Tena siku ya Alhamisi asubuhi wakimbiaji kwa mamia hukutana kando ya barabara ya udongo, wakaenda mbio dakika chache, wakapunguza, wakaenda tena; bingwa na mwanafunzi hukimbia pamoja, wala hakuna anayelipa kiingilio. Uwanja wa Kamariny ulio karibu na mji ulipofungwa ili utengenezwe upya, kazi ikakawia miaka mingi. Lakini mbio hazikukoma, kwa kuwa njia za mashambani hazikufungwa.

Pengine msomaji atasema: "Hayo ni ya Wakenya, sisi watu wa Katanga tuna mpira." Naam, na tuukumbuke vema mpira wetu ulikotoka. Timu ya Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa shule yao katika mji ulioitwa wakati ule Elisabethville. Kutoka kwa mchezo wa vijana wa shule ikawa timu iliyotwaa kombe la mabingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ikawa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la vilabu vya dunia. Huko Iten na huku kwetu mwanzo ni mmoja: mwalimu wa misheni, vijana wachache, na mahali pa kuchezea. Hata hivyo, mpaka ilipomalizika michezo ya Paris mwaka 2024, nchi yetu ya Kongo ilikuwa haijapata hata nishani moja ya Olimpiki. Si kwamba miguu ya watoto wetu ni dhaifu. Mtoto atembeaye kilometa nyingi kwenda shuleni anayo miguu; asichonacho ni mtu wa kumwonyesha njia na kumlinda njiani.

Maana Kinsevere si Iten kwa kila jambo. Nchi yetu haikuinuka kama ile, na machimbo ya shaba yaleta magari makubwa ya mizigo. Katika kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, gari moja likipita lafunika barabara kwa vumbi jekundu, na dereva haoni mtoto aliye mbele yake. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, majani hurefuka yakaficha nyoka na mashimo, na radi hupiga. Kwa hiyo kumwambia mtoto "nenda ukakimbie" bila kumwambia akimbilie wapi, hilo si shauri la mzazi.

Twashauri hivi. Kwanza, watu wazima watatu au wanne, walimu na wazazi, wazitembee njia zote za kijiji kwa miguu, wachague tatu. Njia fupi ya kilometa 2 iwe ya watoto wadogo, nayo izunguke mahali penye watu. Njia ya kilometa 5 iwe ya wanafunzi wakubwa. Njia ya kupanda, hata ikiwa kilima ni kidogo, iwe ya wenye nguvu, nao waipande mara moja kila juma, si kila siku. Wapime kwa pikipiki yenye kipimo, kisha wape kila sehemu alama ambayo kila mtu aijua: kanisa, mwembe, kisima, kichuguu kikubwa.

Pili, njia hizo ziwe mbali na barabara ya magari, na mbali na mashimo yaliyochimbwa na watafuta madini. Pasipo budi kufuata barabara, wakimbiaji washike upande wa kushoto, maana katika Kongo magari hushika kulia, na hivyo mkimbiaji hulitazama gari linalomjia. Tatu, wakimbie alfajiri jua likichomoza, kabla ya vumbi na joto. Ngurumo ikisikika, warudi nyumbani mara moja. Na mioto ya pori ikiwaka mwishoni mwa kiangazi, wasiingie porini.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: msichana asikimbie peke yake. Twalisema hili kwa uchungu. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, akiwa na miaka 19. Mwezi wa Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 ya wanawake watupu. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa, ndani ya nyumba yake pale Iten. Rafiki zake wakaanzisha shirika la kuwasaidia wasichana wanaotendwa jeuri. Tusidhani basi kwamba hatari iko porini tu. Mara nyingi yuko mtu ajitiaye kuwa mlezi au mfadhili, naye atamani fedha ya mtoto au mwili wake. Mzazi amjue kila amfundishaye binti yake, ajue wapi na saa ngapi, naye binti ajue ya kuwa akisema neno la hofu nyumbani atasikilizwa, hatakemewa.

Wako wazazi wanaouliza, "Mbio zitatulisha?" Twajibu kwa kweli: kwa wengi, hapana. Hata Iten wakimbiao ni maelfu, na wanaopata mali ni wachache. Wako na waliotafuta njia ya mkato kwa dawa za kuongeza nguvu, wakafungiwa kushindana kwa aibu. Kwa hiyo daftari lisiachwe kwa ajili ya viatu, wala Misa ya Dominika isiachwe kwa ajili ya mazoezi. Lakini kijana aliyezoea kuamka mapema, kuvumilia mlima, na kumngojea mwenziwe aliyechoka, amekwisha kupata faida isiyoibiwa. Mt. Paulo naye, alipowaandikia Wakorinto, alitumia mfano wa mkimbiaji ili kuwafundisha kujitawala. Aliujua uwanja wa michezo, wala hakuuonea haya.

Enyi wazazi na walimu wa Kinsevere, mambo haya hayangoji fedha ya mfadhili wala uwanja wenye majukwaa. Yangoja watu wazima watatu siku ya Jumamosi, wenye viatu vya kutembelea na panga la kufyekea majani. Anzeni na ile njia ya kilometa 2.