Daktari bingwa naye apewe jembe

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloigusa kila familia iishiyo mbali na mji mkubwa, yaani kumpata daktari bingwa. Mtoto mwenye tatizo la moyo, mama mwenye uvimbe katika kizazi, mzee ambaye mkojo umezibwa na tezi dume: wote hawa huandikiwa rufaa. Lakini rufaa ni karatasi tu. Nauli, chakula cha msindikizaji na mahali pa kulala ni juu ya familia. Wengi huikunja karatasi hiyo na kuiweka sandukuni, na ugonjwa unaendelea.

Ndiyo maana tunaipongeza hatua ya Serikali ya Tanzania iliyoanza Mei 2024, ya kupeleka kambi za madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri zote 184. Madaktari hao huenda kwa makundi, wakiwamo mabingwa wa watoto, wa uzazi, wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani na wa usingizi. Hapo pana busara, maana mpasuaji aliye peke yake, bila mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, hawezi kufanya kazi.

Hata hivyo, kambi hudumu siku chache. Aliyepasuliwa Ijumaa, kidonda chake kitatazamwa na nani Jumatatu? Na mama ambaye uchungu wake utakwama mwezi mmodi baadaye, nani atampasua usiku huo? Ugonjwa haufuati ratiba ya kambi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la daktari bingwa ni kufundisha. Kila anapofanya kazi, daktari wa wilaya asimame kando yake, ashike kisu chini ya uangalizi wake, na baadaye aweze kumpigia simu anapokwama.

Tujifunze kwa majirani. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Kuba na kuwagawa katika kaunti zake. Aprili 2019 wawili wao walitekwa nyara huko Mandera, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kuusitisha mpango huo. Msumbiji ilishika njia nyingine. Tangu mwaka 1984 ilianza kuwafundisha upasuaji watumishi wa afya wasio madaktari. Utafiti ulionyesha kwamba baada ya miaka 7, karibu 9 kati ya 10 ya watumishi hao walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Madaktari waliopangiwa huko wakati uleule, hakubaki hata mmoja.

Basi amri ya uhamisho peke yake haitoshi. Daktari naye ana mke au mume, ana watoto wa kusomesha. Akikuta nyumba inavuja, maji hakuna, na chumba cha upasuaji hakina dawa ya usingizi, ataomba uhamisho, na ujuzi wake utapotea bure. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010 kwamba vijana wa vijijini wapewe nafasi katika vyuo vya afya, kwani ndio wenye mwelekeo wa kurudi vijijini. Halmashauri imchague daktari wake kijana, imlipie masomo ya ubingwa, kwa mfano Muhimbili au Bugando, kwa mkataba wa kurudi, na imwandalie nyumba na vifaa kabla hajamaliza.

Na sisi parokiani tunayo sehemu yetu. Kambi ikitangazwa, tangazo lisomwe baada ya Misa hata vigangoni. Jumuiya ndogo ndogo ziwatambue wagonjwa waliofichwa majumbani na kuwachangia nauli. Mgonjwa aende na karatasi zake zote za vipimo na dawa anazotumia. Lakini mjamzito anayetoka damu au mtoto mwenye degedege asingojee kambi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Tena, diwani akija kuomba kura, tusiishie kumuuliza kambi ijayo ni lini. Tumuulize pia: ni daktari gani wa hapa kwetu anayesomeshwa, na nyumba yake iko wapi?