Vyuo vya Marekani vyalipa waliofukuzwa, vyapoteza wanaofanya kazi

Januari 20, 2025, Chuo Kikuu cha Ohio State kiliifunga Notre Dame pointi 34 kwa 23 mjini Atlanta na kutwaa ubingwa wa futiboli ya vyuo nchini Marekani. Siku chache baadaye, Jim Knowles, aliyeratibu ulinzi wa timu hiyo, alihamia Penn State, mpinzani wa ligi moja. Ohio State ilikuwa ikimlipa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Penn State iliripotiwa kumpa wastani wa dola milioni 3.1. Hakuwa kocha mkuu huko alikotoka, wala hakwenda kuwa kocha mkuu. Alikuwa msaidizi, akaenda kuwa msaidizi.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Tunduma hahitaji kuujua mchezo huo ili aelewe kilichotokea. Kijana aliyekaa dukani miaka mitatu anajua mteja gani wa kupewa mali kauli na yupi hapewi, anajua wakala wa forodha anayepokea simu usiku, anajua msimu ambao mahindi yanapanda bei upande wa pili. Siku akiondoka, mlango wa duka unabaki, rafu zinabaki, bali kile kilichokuwa kinaendesha duka kinahamia kibanda cha jirani.

Futiboli hiyo si ile ya Simba na Gor Mahia. Mpira wake una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na inafanana zaidi na raga. Wachezaji wanaoshambulia na wanaozuia ni watu tofauti kabisa, na timu moja inaweza kuwa na wachezaji 105. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuwafundisha wote. Kwa hiyo kocha mkuu anakuwa kama mwenye kampuni, na chini yake wapo waratibu wa mashambulizi na wa ulinzi, kisha makocha wa kila idara, yupo wa warusha mpira, wa wakimbiaji, wa wale majitu ya mstari wa mbele. Mpaka 2017 kanuni ziliruhusu wasaidizi tisa. Mwaka 2018 akaongezwa wa kumi, na 2024 zikalegezwa tena hata wafanyakazi waliokuwa wakiitwa wachambuzi wakaruhusiwa kufundisha uwanjani.

Hao wasaidizi ndio wanaozunguka majimbo kutafuta vijana wa sekondari. Ndio wanaoketi sebuleni na mama wa mchezaji na kumwahidi kwamba mwanawe atatunzwa. Kocha mkuu huja mwishoni, akiwa na suti na tabasamu, kufunga biashara ambayo mwingine ameihangaikia miaka miwili.

Kwa muda mrefu wakubwa wa michezo ya vyuo waliamini kwamba msaidizi ni mtu wa kubanwa. Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilipitisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni iliyoweka kundi la makocha wa chini, maarufu zaidi katika mpira wa kikapu, ambao hawakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Si kwamba vyuo havikuwa na fedha. Vilikubaliana vyote kwa pamoja visilipe zaidi, ili pasiwepo wa kumvuta wa mwenzake. Makocha walikwenda mahakamani. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikubaliana nao kwamba hayo yalikuwa makubaliano haramu ya kupanga bei, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa NCAA kukubali kulipa dola milioni 54.5. Wauzaji wa soko moja wakikaa chini ya mwembe na kupanga kwamba hakuna atakayemlipa mpagazi zaidi ya kiasi fulani, mpagazi ana haki ya kulalamika. Ilichukua miaka kadhaa vyuo vyenye vitivo vya sheria kulielewa jambo hilo.

Baada ya hapo mlango ulifunguka, ingawa kwa wachache. Mwaka 2009 Tennessee ilimpa Monte Kiffin, mratibu wa ulinzi, takriban dola milioni 1.2, kiasi kilichowashangaza watu wakati huo. (Kocha mkuu aliyemleta alikuwa mwanawe, Lane. Undugu nao ni njia ya kumpata msaidizi.) Mwaka 2018 LSU ilimpa Dave Aranda mkataba wa miaka minne wa dola milioni 10 ili asichukuliwe na Texas A&M. Clemson ilimpandisha Brent Venables hadi dola milioni 2.5 kwa mwaka mnamo 2021.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa na somo kwa yeyote anayeajiri. Aranda alibaki, LSU ikawa bingwa Januari 2020, na siku chache baadaye akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Baylor. Venables alipandishwa mshahara Julai 2021. Desemba ya mwaka huohuo alikuwa kocha mkuu wa Oklahoma. Fedha zile hazikupotea bure, kwani ziliwazuia wasiende kufanya kazi ileile kwa mshindani. Ila mtu anayetaka kuwa na duka lake hazuiwi kwa kuongezewa mshahara wa kuuza duka la mwingine. Vyuo vingi vinaonekana kulikubali hilo. Ndiyo maana mikataba mingi ya wasaidizi huweka faini ya kuondoka, lakini ikaipunguza au kuifuta kabisa iwapo mtu anakwenda kuwa kocha mkuu. Ni kanuni ya haki, na mwenye duka wa mpakani angeweza kuiiga bila kumwita mwanasheria.

Texas ilijaribu njia nyingine. Novemba 2008 ilimtangaza Will Muschamp, mratibu wake wa ulinzi, kuwa mrithi rasmi wa Mack Brown. Tatizo ni kwamba mrithi hakupewa tarehe ya kurithi. Muschamp alisubiri miaka miwili, bosi hakuonyesha dalili za kustaafu, na Desemba 2010 akaenda Florida. Ahadi isiyo na tarehe inamchosha mtu kuliko kukosa ahadi.

Wapo waliobaki, na hao wanastahili kutazamwa kwa makini kuliko waliohama. Bud Foster alifika Virginia Tech mwaka 1987 pamoja na Frank Beamer, akaongoza ulinzi kwa zaidi ya miongo miwili, na hakustaafu mpaka mwisho wa msimu wa 2019, miaka minne baada ya bosi wake kuondoka. Mickey Andrews alikaa na Bobby Bowden pale Florida State kuanzia 1984 hadi 2009, na wakaondoka pamoja. Pale Iowa, Phil Parker yupo tangu 1999, akapewa uratibu wa ulinzi 2012, na mwaka 2023 akatwaa tuzo ya Frank Broyles inayotolewa kwa msaidizi bora wa nchi nzima. Tuzo hiyo, kwa wasioijua, imepewa jina la kocha wa Arkansas aliyekuwa na kipaji cha kuchagua wasaidizi ambao baadaye walikuja kuwa makocha wakuu kwingineko.

Watu hawa watatu hawakubaki kwa sababu hawakupendwa nje. Wanafanana katika jambo moja: bosi aliyewaachia kazi. Foster aliendesha ulinzi wake kama mwenye shamba. Iowa chini ya Kirk Ferentz haijabadilisha kocha mkuu tangu mwisho wa 1998, na msaidizi anapolala usiku anajua kesho asubuhi ofisi itakuwa ileile. Utulivu wa namna hiyo ni sehemu ya malipo, hata kama hauandikwi kwenye hati ya mshahara. Wapenzi wa soka wa Tanzania wanaweza kumkumbuka Selemani Matola, ambaye tangu 2019 amefanya kazi Simba chini ya makocha wakuu kadhaa wa kigeni, mmoja akiondoka mwingine akiingia. Mtu wa namna hiyo ndiye anayemwelekeza mgeni kabati la funguo.

Kwa wasaidizi wengi wa Marekani utulivu huo haupo. Kocha mkuu akifukuzwa, kwa kawaida wasaidizi wake nao hawana kazi, na wengi wao wana mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Mtoto anahamishwa shule katikati ya muhula, nyumba inauzwa, mke anaacha kazi yake. Chini yao kuna wasaidizi wanaosomea shahada za juu, wanaolipwa posho ndogo na kukesha wakikata picha za video. Hao hawatajwi kwenye magazeti yanaposema kwamba kocha msaidizi sasa ni milionea. Mamilionea ni waratibu wa vyuo vikubwa, na idadi yao ni ndogo kuliko inavyosikika.

Upande wa pili, bosi anayefukuzwa huondoka na magunia. Novemba 2023 Texas A&M ilimwachisha Jimbo Fisher kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 75. Fedha hizo zingeweza kuwalipa wasaidizi kumi dola milioni moja kila mmoja kwa zaidi ya miaka saba. Oktoba 2025 Penn State, ile iliyomnunua Knowles kwa bei ya rekodi, ilimfukuza kocha mkuu James Franklin msimu ukiwa katikati, akiwa na haki ya malipo ya karibu dola milioni 49, ingawa kiasi hicho kilipungua baada ya kuajiriwa Virginia Tech. Wiki mbili baadaye LSU ikamtoa Brian Kelly, naye akiwa na madai ya zaidi ya milioni 50. Novemba 1 Penn State ikaenda Ohio State ikafungwa 38 kwa 14. Ohio State ilikuwa imeziba nafasi ya Knowles kwa Matt Patricia, na ulinzi wake haukuyumba.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa vibaya, kwamba msaidizi ni wa kubadilishwa kama betri ya tochi. Lakini kilichobaki Ohio State ni wachezaji waliokwisha kufundishwa, kocha mkuu yuleyule, na makocha wa idara walioijua nyumba. Knowles alinunuliwa peke yake, akapelekwa kwenye nyumba iliyokuwa inakaribia kuanguka. Penn State ililipa bei ya juu kwa fundi mmoja wakati nguzo zimelegea.

Hakuna aliyeielewa biashara hii kuliko Nick Saban wa Alabama. Wasaidizi wake waliondoka karibu kila mwaka, Kirby Smart kwenda Georgia, Jeremy Pruitt kwenda Tennessee, Steve Sarkisian kwenda Texas, naye aliendelea kushinda mpaka alipostaafu Januari 2024. Siri moja ilikuwa kuweka akiba. Aliwachukua makocha wakuu waliofukuzwa kwingine akawapa kazi za uchambuzi kwa mishahara midogo. Butch Jones, aliyefukuzwa Tennessee 2017 huku chuo hicho kikimdaiwa zaidi ya dola milioni 8, alifanya kazi Alabama kwa takriban dola 35,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, Tennessee ilikuwa ikimlipa mtu wa kumsaidia mshindani wake mkubwa. Ni vigumu kumlaumu Saban. Lawama ni za walioandika mkataba wa aina hiyo.

Njia iliyo wazi zaidi imeonekana Ole Miss. Novemba 30, 2025 Lane Kiffin aliiacha timu hiyo na kwenda LSU, wakati vijana wake wakijiandaa kwa mchujo wa ubingwa. Chuo hakikutafuta jina kubwa kutoka mbali. Kilimpandisha Pete Golding, mratibu wa ulinzi aliyekuwa tayari ndani, na wachezaji wakabaki na sauti waliyoizoea. Msaidizi anayeona kwamba mwenzake amepandishwa hapohapo alipo ana sababu ya kusubiri mwaka mwingine.

Sasa sarafu imegeuka. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu inayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza ulioanza Julai 1. Ni haki yao, na ilichelewa. Vijana walijaza viwanja vya watu zaidi ya 100,000 kwa miaka mingi huku wakiambiwa kwamba ada ya masomo inatosha. Lakini fedha hizo lazima zitoke mahali, na katika kila ofisi inayobana matumizi kisu huanza na asiye na wakala wa kumsemea. Mratibu wa milioni 3 ana wakala. Kocha mkuu ana kifungu cha kuvunja mkataba chenye kurasa kadhaa. Anayebaki ni kocha wa idara mwenye mkataba wa mwaka mmoja, yule aliyekaa sebuleni kwa mama wa mchezaji.

Vyuo vinaweza kuanza na jambo dogo: kumpa kila msaidizi mkataba wa miaka miwili hadi mitatu, kuweka bonasi inayolipwa kwa aliyebaki badala ya faini kwa aliyeondoka, na kufadhili vyote hivyo kwa kufupisha mikataba ya makocha wakuu. Mikataba ya wasaidizi wengi hufikia ukomo kati ya Januari na Juni, na kwa vyuo vingi vya umma nakala zake zinaweza kuombwa.