Bei ya pikapu mpya iandikwe kiooni

Mtu wa Uyole, Mbeya, akitaka kuagiza pikapu iliyotumika kutoka Japani, anajua karibu kila kitu kabla hajatoa hata shilingi. Bei ya gari likiwa bado Japani anaiona kwenye simu. Nauli ya meli hadi Dar es Salaam iko palepale. Kodi anaipata mwenyewe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa kuthamini magari yaliyotumika: anachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini, na jumla inatokea. Akipandishiwa bei na wakala wa forodha, anao ushahidi mkononi.

Mtu huyohuyo akijinyima miaka kadhaa, akasema safari hii nanunua mpya, tena kwa muuzaji anayetambuliwa na kiwanda, anaingia gizani. Shorumu za Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ni safi na zina viyoyozi, na magari yanang'aa. Nilizoingia mimi, bei haikuandikwa popote. Unaulizwa kwanza wewe ni nani, unatoka kampuni gani, unalipa taslimu au kwa mkopo, halafu unaambiwa: "Niachie namba, nitakutumia profoma."

Mimi ni mhasibu, naishi Mbeya. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa viazi na parachichi na vya vyama vyao vya ushirika. Kwa watu hawa pikapu ni chombo cha kazi: asubuhi inabeba mbolea, jioni inashuka na magunia kutoka shambani ambako Fuso haifiki. Kwa hiyo profoma hupita mezani kwangu mara kwa mara, na ninachokiona humo kimenifanya niseme hadharani kwamba mnunuzi mdogo wa pikapu mpya nchini hapati bei ya haki, na sababu kubwa ni kwamba hana namna ya kuijua.

Mama mmoja mnunuzi wa viazi alinijia na profoma mbili. Gari ni lilelile, dabo kebini, dizeli, rangi nyeupe, muuzaji ni yuleyule, na karatasi zimetolewa wiki moja. Ya kwanza iliandikwa jina lake. Ya pili iliandikwa jina la kampuni ya ujenzi ya kaka yake, aliyeuliza bei kwa niaba yake bila kusema. Tofauti ya zile karatasi ilitosha kununua seti nzima ya matairi mapya na kubaki na hela ya mafuta ya kulirudisha gari Mbeya. Karatasi ya mama ilikuwa pia na mistari ambayo ya kaka haikuwa nayo: "maandalizi ya gari", "gharama za nyaraka", turubai, ngao ya mbele na kifaa cha kufuatilia gari. Hakuna alichokiomba kati ya hivyo.

Nikampigia kijana wa mauzo aliyetoa karatasi hizo.

"Shikamoo mzee. Ile ya kampuni ni bei ya wateja wa magari mengi."

"Marahaba. Kampuni ile imeuliza gari moja tu."

Akanyamaza, kisha akasema atamuuliza bosi wake. Kesho yake ikaja profoma ya tatu, jina la mama, bei ya kampuni, mistari ya ziada imeondolewa. Simlaumu kijana. Analipwa kamisheni kwa utaratibu ambao hakuutunga yeye. Ila nawafikiria wale wasio na kaka mwenye kampuni.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa na wauzaji wananyamaza. Tuseme pikapu imefika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 60, gharama ya gari, bima na nauli ya meli zikiwa pamoja. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani milioni 15. Jumla milioni 75. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18 ya hizo 75, yaani milioni 13.5. Ukiacha tozo nyingine ndogondogo, gari limetoka bandarini kwa milioni 88.5. Wanunuzi wengi wakifika hapo husema: basi muuzaji akiuza milioni 100, faida yake ni 11.5.

Siyo. Ile VAT ya bandarini muuzaji aliyesajiliwa huirudisha, anaikata kwenye VAT anayokusanya kwako. Gharama yake halisi ni milioni 75 na zile tozo. Akiweka juu yake milioni 12 za uendeshaji na faida, anafika 87, kisha anatoza asilimia 18 ya 87, ambayo ni milioni 15.66. Wewe unalipa milioni 102.66. Nimeyaweka haya kwa mapana kwa sababu mbili. Kwanza, mtu anayejadili bei ajadili ile ya kabla ya VAT, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo mikononi mwa muuzaji. Akikupunguzia milioni moja pale, wewe umeokoa milioni 1.18. Pili, muuzaji akikwambia "hatuwezi kushusha, kodi ni kubwa", kumbuka kwamba ushuru wa forodha haubadiliki kwa mazungumzo yenu, lakini zile milioni 12 za kwenye mfano wangu zinabadilika kila siku, kulingana na nani amekaa kitini.

Sisemi muuzaji asipate faida. Shehena ikikaa yadi miezi minne, riba ya benki inamla. Anapaswa kuwa na mafundi waliosomea, na spea za gari ambalo litaanza kuharibika miaka sita ijayo. Hayo yana gharama na mimi niko tayari kuyalipia. Ninachokataa ni mama wa viazi kulipia punguzo la mkandarasi.

Kuna hatua moja nzuri imepigwa. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutaja bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Kabla ya hapo profoma nyingi za magari mapya zilikuwa kwa dola, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, yameandikwa maneno kwamba utalipa kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya malipo. Sasa ni shilingi, na hiyo ni haki yetu. Lakini dola haijaondoka. Imejificha ndani ya hesabu. Muuzaji anachukua bei yake ya dola, anaizidisha kwa kiwango alichokichagua mwenyewe, anakuandikia shilingi. Mwaka 2024 tuliona dola ikikaribia shilingi 2,700, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo ikashuka chini ya 2,500. Dola ilipopanda, bei mpya zilifika Mbeya haraka. Iliposhuka, wateja wangu waliambiwa "hii ni shehena ya zamani, iliingia kwa kiwango cha juu". Kama shehena ya zamani inabaki na bei ya zamani wakati wa kushuka, basi ibaki na bei ya zamani na wakati wa kupanda. Kwa hiyo mnunuzi aulize: kiwango mlichotumia ni kipi, na ni cha tarehe gani? Ajibiwe kwa maandishi.

Aulize na asili ya gari. Hilux inatengenezwa Thailand na pia Durban, Afrika Kusini; Ranger inatengenezwa Pretoria. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na bidhaa inayotoka nchi ya jumuiya hiyo ikikidhi masharti ya uasili hupata nafuu ya ushuru. Ni halali kabisa kwa mnunuzi kuuliza gari lake limetoka kiwanda gani na kama nafuu hiyo ipo ndani ya bei. Namba ya chesisi yenyewe inasema: Hilux ya Durban huanza na AHT, ya Thailand huanza na MR0. Mwaka wa kutengenezwa nao uandikwe. Gari "jipya" lililokaa yadi tangu mwaka juzi halikutembea, ni kweli, lakini betri na matairi yake vimezeeka, na siku ukiliuza mnunuzi wako atahesabu kuanzia mwaka wa kiwandani. Hapo punguzo si hisani.

Yapo pia magari mapya yanayoingia kupitia Dubai na kuuzwa kwenye yadi za watu binafsi, mara nyingi kwa bei ya chini. Sishauri mtu kukimbilia huko bila kufikiri, kwa sababu wakala wa hapa anaweza kukataa kuyahudumia kwa waranti. Lakini bei ya magari hayo ni kipimo kizuri cha kukaa nacho mkononi unapojadiliana.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye mkopo, na hapa naomba msomaji asiniache. Ukikaa na muuzaji, swali litakuja mapema: "Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?" Usilijibu. Ukishataja kiasi, bei ya gari imetoka mezani na haitarudi. Malizeni kwanza bei ya gari, iandikwe, ndipo mzungumzie mkopo, na kwenye mkopo uliza riba ni ya mkupuo au ya salio linalopungua. Chukua mkopo wa milioni 60 kwa miaka mitatu, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikiwa ni ya mkupuo, riba inapigwa kwenye milioni 60 zote kila mwaka, hata pale ambapo nusu umeshalipa: unalipa riba ya milioni 21.6. Ikiwa ni ya salio linalopungua, unalipa kama milioni 11.7. Asilimia ni ileile 12, tofauti karibu milioni 10. Nimemwona mfanyabiashara aliyepigania punguzo la milioni mbili asubuhi nzima, akaridhika, halafu mchana akasaini riba ya mkupuo bila kuuliza neno.

Bima nayo itafute mwenyewe. Benki itadai bima kubwa, hiyo sawa, lakini si lazima iwe ile ambayo muuzaji amekuchagulia.

Watu huniambia kwamba biashara ya kupatana ndiyo desturi yetu, kwamba bei isiyopatanwa haina utamu. Sokoni nakubali. Pale Uyole nikipatana bei ya gunia, mimi na muuzaji wote tunajua viazi vimeamkia bei gani, kwa kuwa sokoni kuna wauzaji wengine kibao. Mapatano ni ya watu wawili wanaojua. Ndani ya shorumu anayejua ni mmoja.

Afrika Kusini, sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 inamtaka muuzaji aonyeshe bei ya bidhaa. Mtu akiwa Mbeya anaweza kusoma kwenye simu bei ya Hilux kule Johannesburg, kwa randi, VAT ndani, toleo kwa toleo. Ajabu ni kwamba ya Dar es Salaam, nchini kwake, haioni. Marekani nao walipitisha sheria mwaka 1958, iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ya kubandika bei ya rejareja inayopendekezwa na kiwanda kwenye kioo cha kila gari jipya la abiria. Kwa miongo yote hiyo wauzaji wa Marekani hawakufilisika kwa sababu ya karatasi ya kiooni.

Sisi tunayo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye kazi ya kumlinda mlaji. Tunayo Wizara ya Viwanda na Biashara. Naziomba ziagize jambo moja: kila gari jipya linalouzwa nchini libandikwe kwenye kioo bei yake kamili kwa shilingi, ikionyesha bei kabla ya VAT, VAT yenyewe, gharama za usajili, nchi na mwaka wa kutengenezwa, na kila kifaa cha ziada kwa bei yake, kikiwa na nafasi ya mnunuzi kukikataa. Muuzaji akitaka kumpa mkandarasi wa magari 20 punguzo, ampe. Lakini wa gari moja naye ajue anaanzia wapi. Serikali iliyoweza kuweka thamani za magari yaliyotumika hadharani haishindwi na hili.

Vyama vya ushirika navyo visisubiri. Wanachama watano wa AMCOS moja wakihitaji pikapu msimu mmoja, waende kama wanunuzi wa magari matano, kwa barua moja yenye muhuri wa chama, na kila mmoja alipe la kwake.

Na wewe unayejiandaa kununua mwaka huu, usitoe malipo ya awali kwa bei ya mdomo. Chukua profoma za wauzaji wawili au zaidi, zote zikiwa na bei kabla ya VAT, kiwango cha dola, namba ya chesisi na tarehe ya kukabidhiwa. Futa kwa kalamu kila mstari ambao hukuuomba, uirudishe. Siku ya kulipa, hakikisha kiasi kilichoko kwenye risiti ya EFD ni kilekile ulichotoa. Wakikataa kuandika, ondoka. Gari jeupe la dizeli liko na kwa jirani yao.