Kabla ya kununua sabufa, fikiria masikio ya bibi na ya mtoto

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja anayeishi na familia yake kwenye nyumba ya kupanga. Mume wake anataka kununua sabufa kubwa ili mechi za wikiendi zinoge. Mama mkwe wanayeishi naye hasikii vizuri, na kila jioni anaongeza sauti ya TV mpaka taarifa ya habari inasikika kwa jirani. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu analala chumba kinachopakana na sebule.

Mama huyo anauliza wanunue nini, na kama masikio ya mtoto yako salama. Anasema kumwambia mama mkwe apunguze sauti ni jambo asiloliweza.

Swali hili ni la nyumba nyingi. Habari njema ni kwamba chombo kinachomfaa bibi ndicho kinachomfaa mtoto, na mara nyingi si kile chenye kishindo kikubwa dukani.

Kwa nini tunaongeza sauti

TV bapa za siku hizi ni nyembamba. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zimefichwa chini au nyuma ya kioo. Sauti inaelekea sakafuni au ukutani kabla ya kumfikia anayetazama, hivyo muziki na kelele za uwanjani zinasikika lakini maneno yanapotea. Hapo ndipo mtu anaposhika rimoti.

Kwa mzee kuna tatizo la ziada. Umri mkubwa kwa kawaida huanza kupunguza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na herufi kama s, f, t na sh hubebwa na sauti hizo. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia mnaongea, lakini sielewi mnachosema."

Sasa kazi ya sabufa ni kutoa sauti nzito, yaani besi. Ukimwongezea bibi besi, unayafunika yale maneno anayoyatafuta, naye ataongeza sauti zaidi. Familia itakuwa imetoa pesa ili kelele ziongezeke.

Ushauri wangu ni kununua kitu kitakachofanya maneno yaeleweke kwa sauti ndogo. Kwa sebule ya kawaida, amplifaya ya stereo na spika mbili zinazotazama makochi zinatosha. Amplifaya nyingine zina redio ndani yake na huitwa risiva. Usizichanganye na king'amuzi.

Kiasi gani ni salama

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Kwa watoto kiwango kinachopendekezwa ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60.

Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda ulio salama unapungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu mzima kwenye desibeli 90 amebakiwa na saa 4 tu kwa wiki, sawa na mechi mbili na uchambuzi wake.

Zipo programu za bure za simu zinazopima desibeli. Hazina usahihi wa kifaa cha kitaalamu, lakini zinatoa picha. Kama huna, tumia njia rahisi: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, TV imezidi.

Usidanganywe na wati za kwenye boksi

Dukani utaona maboksi yameandikwa maelfu ya wati, na pembeni yake herufi PMPO. Namba hiyo haikuambii nguvu ambayo chombo kinaitoa muda wote. Tafuta namba iliyoandikwa RMS. Kisha geuza chombo usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme kinaovuta. Chombo kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo kwenye spika.

Wala huhitaji wati nyingi. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati 1 tu hutoa takribani desibeli 85 hadi 90 kwa umbali wa mita moja. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Amplifaya ya wati 20 hadi 50 za RMS kwa kila spika inatosha kabisa, na utakuwa unatumia sehemu ndogo ya nguvu hiyo.

Angalia pia alama ya Ω, inayosomwa omu. Kama spika imeandikwa 8Ω au 6Ω, hakikisha amplifaya inaikubali namba hiyo. Epuka kuunganisha spika nne kwenye matundu ya spika mbili, kwa sababu amplifaya inaweza kuchemka na kuungua.

Itaungana na TV yako?

Hapa ndipo wengi hurudi dukani mara ya pili. Kabla ya kwenda, piga picha matundu yote ya nyuma ya TV.

Matundu mekundu na meupe kwenye TV bapa mara nyingi ni ya kuingiza sauti, si ya kuitoa. Ya king'amuzi ndiyo hutoa, lakini ukitumia hayo, amplifaya itacheza sauti ya king'amuzi peke yake. Ukifungua YouTube au filamu ya kwenye flashi, utarudi kwenye spika za TV.

Njia bora ni tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ikiwa TV na amplifaya zote zinalo. Bibi ataendelea kutumia rimoti moja aliyoizoea. Njia ya pili ni tundu dogo linalotoa mwanga mwekundu, lililoandikwa Optical. Amplifaya ya zamani isiyo na tundu hilo huhitaji kiboksi cha kugeuza sauti kwenda kwenye waya mwekundu na mweupe. Ukikitumia, ingia kwenye menyu ya sauti ya TV uchague PCM, la sivyo unaweza usisikie kitu. Kama TV ina tundu la hedifoni, nalo linafaa.

Bluetooth inavutia kwa kukosa waya, lakini mara nyingi sauti huchelewa kidogo. Mtangazaji anafunga mdomo na neno linakuja baadaye. Kwa mzee anayesaidiwa na kutazama midomo, hilo ni tatizo.

Mtumba mzuri, umeme tofauti

Risiva zilizotumika ni imara na wengi wanazipenda. Soma kwanza kibandiko cha nyuma. Japani hutumia umeme wa volti 100 na Marekani volti 120, wakati hapa Tanzania ni volti 230. Chombo cha volti 100 ukikichomeka moja kwa moja ukutani kitaungua, na kinaweza kuanzisha moto. Ni lazima utumie transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Kama muuzaji anababaika ukimuuliza suala hili, tafuta mwingine.

Ukifika nacho nyumbani, usikifunike kitambaa cha kufuma hata kama kinapendeza. Amplifaya hutoa joto na inahitaji hewa juu yake. Spika zisikae juu ya stuli inayoyumba, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kilicho karibu. Nyaya zipite ukutani na zibanwe vizuri.

Spika zenyewe ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, moja kila upande wa TV. Kiti cha bibi kisogezwe karibu nazo. Kumsogeza mita moja ni rahisi kuliko kuongeza sauti ya nyumba nzima, na wala hakuna atakayeona amekatazwa kitu. Amplifaya na TV nyingi pia zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Baba akishaziunganisha, aweke kikomo hicho siku hiyo hiyo.

Bibi apimwe, mtoto aongeleshwe

Hakuna spika inayotibu masikio. Mzee anayezidi kuongeza sauti mwezi baada ya mwezi anapaswa kupimwa. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba, na mhudumu wa afya huitoa kwa muda mfupi. Msimchokonoe kwa njiti wala vijiti vya pamba, mtaisukuma ndani zaidi. Kama uwezo wa kusikia umepungua kweli, atashauriwa kuhusu vifaa vya kumsaidia.

Kuhusu mtoto, sauti inayovuka ukuta ikiwa imeshapungua huenda isimdhuru masikio, ingawa inaweza kumkatisha usingizi. Mimi ningeangalia pia saa anazokuwa macho sebuleni huku TV inanguruma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliohusisha watoto 329 wenye umri wa kuanzia miezi 2 hadi 48, uligundua kuwa kila saa moja ya TV inayosikika iliendana na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa mtu mzima. TV ikiongea, sisi tunanyamaza, na mtoto wa umri huo anajifunza kuongea kutoka kwetu. WHO haipendekezi mtoto wa mwaka mmoja kukaa mbele ya TV kabisa.

Kwa hiyo, mama, nendeni dukani wote watatu: wewe, baba na mama mkwe. Bebeni kwenye simu taarifa ya habari iliyorekodiwa, si wimbo. Mwombeni muuzaji aicheze kwenye kila chombo huku bibi amekaa mita mbili au tatu, kisha apunguze sauti kidogo kidogo. Bibi ndiye aseme ni wapi maneno yamempotea. Chombo atakachoendelea kukielewa kikiwa chini kabisa ndicho mkilipie. Na mpira ukiisha, kizimeni, muongee na mtoto.